Upande wa Nne

Machogu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukuwa na dawa Ekerenyo nzima: hakuweza kushona akiwa amenyamaza. Miguu yake ilikanyaga cherehani, mdomo wake ukakanyaga wateja, na wateja walirudi kila wiki kwa sababu kote kuwili kazi ilikuwa safi.

"Mama Emily," alisema Alhamisi hiyo ya soko, akilitandaza blanketi la viraka juu ya meza yake pale barazani, likafunika meza, likafunika kiti, na bado likabaki la kumwagika sakafuni. "Hili ni blanketi ama ni ramani ya kaunti?"

Nyanchera akacheka. Alikuwa hajacheka mbele ya mtu siku nyingi, kwa hiyo kicheko kilitoka kikubwa kuliko mzaha wenyewe, na wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakingoja sare za watoto wao wakageuka kumtazama. Akajifuta mdomo.

"Ni blanketi, fundi. Jumapili Emily anakuja kuniaga. Anaenda Uingereza kuwatunza wazee wa huko. Nataka aende nalo. Wewe nishonee pindo tu, hayo mengine nimemaliza."

"Peke yako?"

"Kwani kuna nani mwingine kwangu? Nilishona na mikono, nikitoka kuchuma chai. Miaka miwili."

Machogu alipindua kona moja, akaangalia mishono. Midogo, iliyonyooka, kama ya mtu aliyekuwa na jioni nyingi na hana pa kuzipeleka. Hakusema hivyo. Alisema, "Basi mimi nimeanza kazi vibaya. Ningejua uko hivi ningekuandika."

Pindo lenyewe lilichukua muda mrefu kuchaguliwa. Machogu alitaka kitambaa cha nyuma kikunjwe kije mbele, kishonwe, mambo yaishe. Hakuna cha kununua.

"Hiyo itaonekana kama nimeishiwa," Nyanchera alisema.

"Na si umeishiwa?"

"Nimeishiwa, lakini huko Uingereza hawajui."

Wanawake wa benchi wakacheka. Hawo, ambaye kila siku ya soko alitoka Kisii mjini na mabunda yake ya tepe na vifungo akayapanga karibu na baraza la Machogu, hakungoja kuitwa. Alikuja na tepe nne zimening'inia mkononi.

"Chukua hii nyeupe, mama. Satini. Inang'aa."

"Hiyo tunatia ndani ya jeneza," alisema Machogu.

"Wewe Machogu, wewe! Siku moja utaniharibia biashara nikuletee watoto wangu uwalishe."

"Walete. Watashika uzi. Lakini mtu akilala na hiyo satini usiku, akiamka haraka atafikiri amezikwa."

Ile ya rangi ya dhahabu Nyanchera aliikataa mwenyewe; ilionekana kama ya kwaya. Nyeusi haingeonyesha uchafu, ila ilikuwa na huzuni yake. Ikabaki ya maruni. Aliishika, akaiweka kando ya kiraka kilichokatwa kwenye sweta la Emily la sekondari, akainama, akaichunguza na jicho moja, kisha na la pili. Rangi zilifanana kabisa, isipokuwa ile ya sweta ilikuwa imechoka kwa jua la miaka minne ya kwenda na kurudi shule.

"Hii," alisema. "Lakini isiwe iliyokatwa wima. Iwe iliyokatwa mshazari, ndiyo ipinde kwenye kona bila kukunjana."

"Mama huyu anajua," Hawo alimwambia Machogu, akampimia mita nane na kuongeza kipande cha juu yake bila kusema.

Machogu akaanza. Alishona upande mmoja mrefu, akageuza kona, akashona upande wa juu, akageuza kona, akateremka upande mrefu wa pili. Tepe ya maruni ilikaa kama iliyozaliwa hapo. Nyanchera alisimama nyuma yake akiona kazi ya miaka miwili inapata mpaka, na moyoni alikuwa tayari amefika mbali: chumba asichokijua, kitanda asichokijua, na juu ya kitanda hicho, kitu anachokijua.

Cherehani ikanyamaza kwenye kona ya tatu.

"Mama Emily."

"Ee."

"Hili ni gauni gani?"

Safu tatu za mwisho, upande wa miguuni, zilikuwa za manjano yenye maua makubwa, zikichanganyika na samawati laini.

"Ni langu."

"Najua ni lako. Soko lote linajua ni lako. Si ndilo ulivaa siku ile mkwe wako Onyiego alileta ng'ombe wa mahari?" Aliinua kiraka cha samawati kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu barabarani. "Na hiki nacho, hiki si kamisi yako ya ndani?"

Nyanchera akaangalia kiraka, akaangalia kidole cha Machogu, na hapo tu, baada ya miaka miwili, akakiona.

Alipoanza kushona, hakuthubutu kukata nguo ila zake. Angeharibuje sweta la mtoto kabla hajajua mkono wake? Kwa hiyo alijifunzia kwenye gauni lililombana na kamisi iliyochakaa, na alipozoea akahamia kwenye sare za Emily, na kwa kuwa zile safu tatu za kwanza zilikuwa nzuri, alizifurahia, akaendelea. Mwiko wenyewe haukuwa na siri yoyote. Kila mtoto wa Kisii anajua chinsoni kabla ya kujua kuhesabu: mkwe hagusi mkono wa mama wa mke wake, haingii chumba chake, hatazami kitanda chake. Na sasa yeye mwenyewe, kwa sindano yake mwenyewe, alikuwa ameshona blanketi ambalo lingemlaza mkwe wake chini ya kamisi yake.

Mmoja wa wale wanawake wa benchi alianza kucheka puani. Wa pili akamfuata. Haukuwa uchokozi, mtu angefanya nini? Lakini Nyanchera alihisi uso wake umewaka hadi masikioni.

"Sasa wakati wote huo," Machogu aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania, "hakuna hata mtu mmoja aliyeliona akakwambia?"

"Nani angeliona?"

Hawo, ambaye hakucheka, akajifanya anapanga vifungo.

"Labda mkwe haendi," Machogu alisema. "Labda ni Emily pekee. Piga simu umuulize."

"Nimuulize mtoto wangu atalala na nani huko? Hiyo nayo ni nini, kama si chinsoni?"

"Hapo umenikamata."

"Mke ataendaje ng'ambo amwache bwana? Wanaenda wote." Akanyoosha mkono. "Nipe makasi."

"Ngoja, tunaweza kulitia vitanzi huku juu, liwe pazia la ukutani. Ukutani si kitandani."

"Kule ni baridi, Machogu. Ukuta hausikii baridi. Nipe makasi."

Alikata mwenyewe. Viraka, blanketi kuukuu lililokuwa katikati, kitambaa cha nyuma, vyote pamoja. Makasi yalilia kama yanayotafuna mfupa. Wanawake wa benchi waliacha kucheka kabla hajafika katikati. Alipomaliza, zile safu tatu zilianguka upande wake, zikiwa na vipande vya tepe ya maruni kwenye ncha zake mbili, na Machogu akashona upande wa nne wa blanketi lililobaki, bila neno, hadi mwisho. Kazi ilikuwa safi. Ila sasa lilikuwa blanketi la mtu mfupi.

Machogu hakutaka kupokea pesa ya kazi. Nyanchera akaiweka mezani chini ya pasi, akaondoka, blanketi limekunjwa kichwani na kile kipande kimeviringishwa chini ya kwapa, kama mtu anayeficha mtoto wa paka.

*

Ijumaa alipiga blanketi pasi kabla jua halijatua, maana jua likitua Sabato imeingia na pasi hulala. Kile kipande alikitandika kwenye kitanda chake mwenyewe. Kilifunika miguu. Alipokivuta kifunike mabega, miguu ikatoka nje, na akaona kwamba hata kwake hakikutosha kitu.

Kanisani Jumamosi mzee wa kanisa alimsimamisha. Wakamwombea Emily "pamoja na mume wake, Bwana, katika safari yao". Nyanchera aliitikia amina kwa sauti. Baadaye watu walimshika mkono, wakampongeza kana kwamba ni yeye anayepanda ndege, wakaenda makwao kula. Yeye pia akaenda kwake kula. Ibada ya mchana hakurudi. Alikaa mlangoni akawaeleza mbuzi wake wawili mahubiri ya asubuhi, kwa ufupi.

*

Walifika Jumapili saa tano, wote wawili kwenye boda boda moja. Emily alikuwa amekonda na kusuka nywele. Onyiego, fundi wa umeme kutoka Nakuru, alivaa viatu vilivyong'aa kupita kiasi kwa barabara ile, na alimsalimia mama mkwe akiwa upande wa pili wa meza, mikono nyuma, macho sakafuni, kama alivyolelewa. Nyanchera alimjibu akiitazama kalenda.

Kulikuwa na kuku, mboga za chinsaga na ugali wa wimbi. Waliongea habari za ndege, za mizigo ya kilo ishirini na tatu, za bibi kizee ambaye Emily ataanza naye. Kila Nyanchera alipouliza swali, Emily alilijibu haraka na kulifunga, kama anayefunga milango nyumbani mvua ikija.

Sahani zilipotolewa, Nyanchera akaleta blanketi.

"Mama!" Emily akasimama. "Hii ni sweta yangu. Hii ni ile skati nilipasua kwa seng'enge. Hii... ah, Mama, hii ni sare ya darasa la kwanza!" Akajizungushia mabegani, akakaa kwenye kochi, akainua miguu, akajifunika. Blanketi likakomea magotini. Akalivuta, mabega yakatoka. Akacheka. "Sasa mbona linaishia hapa? Ulifikiri mimi bado niko darasa la nne?"

"Uzi uliisha."

"Uzi uliisha Ekerenyo yote?"

"Likunje tu uweke kwa mfuko," Nyanchera alisema, na kwa kuwa machozi yalikuwa karibu, akageukia upande wa mkwe, akaihutubia kalenda. "Huko ni baridi sana, tunasikia. Mvae masweta mawili mawili. Na mwende salama nyote wawili."

Onyiego akatazama viatu vyake. Emily akaacha kucheka.

"Mama, Onyiego haendi."

"Haendi wiki hii?"

"Haendi. Karatasi zake zilikataliwa. Tangu mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne! Na hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Ilikuwa kweli. Hakuuliza, kwa sababu mtu mwenye heshima haulizi. Emily naye hakusema, kwa sababu mumewe alimwomba asiseme. Onyiego alikuwa ameshawaaga wenzake kazini, wakamchangia soda, na angerudi kuwaambia nini? Hivyo watu watatu wenye adabu nzuri walinyamaza miezi mitano, na katikati ya adabu yao blanketi likapoteza safu tatu.

"Utalala wapi huko?" Nyanchera aliuliza. Sasa swali lilikuwa limeruhusiwa.

"Wamenipa chumba pamoja na msichana mmoja wa Malawi. Kila mtu na kitanda chake, kidogo hivi."

Nyanchera akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kile kipande.

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Gari la Kisii ni saa tisa. Tutoke hapa saa nane hivi." Emily alikuwa ameshakiona. "Hilo si gauni lako la ng'ombe?" Akaangalia gauni, akaangalia blanketi, akamwangalia mumewe, akaiona kamisi, na kwa kuwa naye alizaliwa Ekerenyo, akaelewa yote bila kuelezwa. Alicheka mpaka akajishika tumbo, kisha kicheko kikamvunjikia mdomoni. "Mama. Ulijikata ukajitoa?"

Onyiego naye alikuwa ameelewa. Alisema anataka kuona mbuzi, akatoka nje upesi, na kwa saa nzima iliyofuata alisimama kwenye mpaka wa shamba la chai amewapa mgongo watu wa nyumbani, akiwatazama mbuzi wale kama mtu anayetaka kuwanunua.

Nyanchera akafumua tepe ya upande wa nne, taratibu, isikatike. Akakutanisha kingo mbili alizotenganisha Alhamisi, akaanza kushona kwa uzi maradufu. Emily alimtungia sindano. Macho ya binti yalikuwa bado mazuri.

"Jioni huwa unaongea na nani?" Emily aliuliza.

"Mbuzi."

"Mama, mimi sitanii."

"Hata mimi. Yule mweusi ana akili. Mwenzake ni wa kuitikia tu."

Emily akatunga sindano nyingine, ingawa ile ya kwanza ilikuwa bado na uzi mrefu. "Nilikuwa napiga, Mama. Ni vile zamu zinaisha nimechoka, nasema nitapiga kesho."

"Najua."

"Huko nitapiga."

"Ee," alisema Nyanchera, kama mtu anavyomjibu karani akimwambia arudi wiki ijayo.

Mshono ulipofika mwisho, ulikuwa mnene katikati ya viraka kama kovu, lakini ulishika. Emily akajifunika tena: mabega ndani, magoti ndani, miguu ndani, na manjano yale yenye maua makubwa yakakaa juu ya vidole vyake. Alifunga macho kidogo. Halafu akapapasa ukingo wa chini.

"Na upande huu? Haujatia pindo."

Tepe ya maruni ilikuwa pajani mwa Nyanchera, nzima, mita mbili kasoro. Ukutani saa ilionyesha saa nane kasoro dakika ishirini na tano. Mkono ulioshona blanketi lote ungepiga pindo lile likamalizika na dakika za kunywa chai zikabaki. Nyanchera aliitazama saa. Akaiviringisha tepe, polepole, kidoleni, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Muda umeisha," alisema.

Emily naye akaitazama saa.

"Lakini hapa patafumuka, Mama."

"Patafumuka pole pole. Ukiona uzi wa kwanza umetoka, usiukate. Nipigie nikuelekeze."

"Na wa pili?"

"Huo pia unipigie. Hiyo kazi haielekezwi mara moja."

*

Pale njiani, boda boda ikiunguruma, Onyiego alirudi nyuma hatua chache, akasimama mbali kiasi cha heshima.

"Mama, mimi nitakuwa karibu. Nitakuwa nakuja kukuona."

Alitaka kusema zaidi: kwamba nyumba ya Nakuru tayari ilikuwa na mwangwi, kwamba hajui kupika kitu kisicho yai. Nyanchera alitaka kumwambia kwamba atazoea. Wote wawili hawakuwa na njia ya kuyasema.

"Karibu," Nyanchera aliuambia mgomba uliokuwa kando yake. "Utapata chakula."

Boda boda ikashuka mteremko. Emily alipunga mkono mara mbili. Mara ya tatu vumbi likamficha. Nyanchera alirudi ndani, akaosha sahani tatu, akazipangusa, akarudisha mbili juu ya kabati ambako sahani za wageni hukaa.

*

Jumatatu asubuhi, kwenye kituo cha kuuzia chai, alikuwa nyuma ya Ruth katika foleni ya mizani. Ruth alikuwa na mpwa wake Uingereza mwaka wa tano sasa, na alijulikana kwa kuieleza nchi ile kama mtu aliyezaliwa huko.

"Ruth, ni kweli huko hawafui kwa mikono?"

"Mikono? Waitoe wapi? Ni mashine. Unatupa nguo ndani, unafunga mlango, inazizungusha mpaka zinaomba msamaha."

"Hata blanketi?"

"Hata blanketi. Lakini sio kitu cha kushonwa kwa mikono, yaya, hapana! Hicho inakiharibu. Siku moja tu, nyuzi zote nje, kama nywele za kichaa." Ruth akakumbuka, akamshika mkono kwa huruma. "Woi, na wewe si ulimpa Emily lile la viraka? Mpigie leo, kabla hajaondoka. Mwambie asilitie kwa mashine kamwe."

"Siku moja tu, unasema?"

"Siku moja. Mwambie."

"Nitamwambia," alisema Nyanchera, akainua kikapu chake cha chai, akasonga mbele kwenye mizani, akiwa hana nia hata kidogo ya kumwambia.